Kilo Hazipandi: Tafuta Kwanza Zinakovujia

"Mama, nakula mingi, lakini kilo hazipande."

Neno hilo nalisikia mtaani Katuba karibu kila poso. (Hapa Lubumbashi wiki tunaiita poso, jina lililobaki tangu enzi wafanyakazi wa migodi walipokuwa wakigawiwa chakula cha siku saba.) Anayelisema huwa tayari na jibu lake mfukoni: ni minyoo, ni damu ya ukoo, ni jicho la jirani. Wengine tayari wana vidonge. Mimi ni muuguzi, na kabla ya kumwambia mtu ale nini huwa nauliza kwanza kilo zake zinavujia wapi. Anayekula kidogo bila kujua, anayeharisha kila siku ya pili na mwenye kifua kikuu wote watatu wanakauka, na wakiwa wamevaa mashati huwezi kuwatofautisha. Ila tiba ya mmoja haimfai mwenzake hata kidogo.

Je, mizani yenyewe inasema kweli?

Watu wanajipima leo kwa kijana wa sokoni, kesho farmasi, mara na viatu na simu mfukoni, mara wametoka tu kumaliza sahani ya bukari (ugali). Halafu wanafurahia kilo mbili ambazo ni maji na viatu. Chagua mizani moja ubaki nayo. Jipime mara moja kwa poso, siku ile ile, asubuhi, ukishatoka chooni na kabla ya chai.

Mizani ikikutia shaka, ijaribu kwa maji, maana lita moja ya maji ni kilo moja. Jipime ukiwa umebeba bidoni (dumu la plastiki) tupu. Kisha mimina ndani yake lita 10, ukipimia kwa chupa ya lita moja, ujipime tena ukiwa umeibeba. Tofauti iwe kilo 10. Kituo kimoja nilichofanyia kazi zamani kilikuwa na mizani iliyokula sehemu ya kilo za kila mtu, na hakuna aliyejua mpaka siku tulipofanya hesabu hiyo ya bidoni.

Halafu piga hesabu ya urefu. Zidisha urefu wako kwa wenyewe, kwa mita, kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Mtu wa mita 1.70 anapata 2.89, akiwa na kilo 50, jibu ni 17.3. Kwa mtu mzima, chini ya 18.5 ni wembamba unaohitaji kushughulikiwa, na kuanzia hapo hadi 24.9 ni kawaida. Kwa hiyo huyu wa mita 1.70 anaingia kwenye kawaida akifika kama kilo 53 na nusu. Hesabu hii si ya watoto wala wajawazito.

Ukipata 19 au 20, ukawa na nguvu zako, na tangu ujana wako hukuwahi kuwa mnene, basi huna ugonjwa. Una shangazi wanaosema sana kwenye harusi. Unaweza kuongeza nyama mwilini ukipenda, lakini usijitibu.

Sahani ni mlima, kilo ni zile zile

Hili ndilo tatizo la wengi, na ndilo wasilolikubali.

Motari (dereva wa pikipiki ya abiria) mmoja wa miaka 26, mita 1.72, kilo 52, aliniapia kwamba nyumbani kwao hakuna anayemshinda kula. Sikubishana naye. Nilimpa karatasi nikamwambia, andika kila kinachopita mdomoni kwa siku tatu, hata biskuti. Alirudi na karatasi iliyopakaa mafuta ya pikipiki, na siku zote tatu zilikuwa kama mapacha. Asubuhi chai ya rangi ya vijiko vitatu vya sukari na nusu mkate. Mchana, pale kwenye maegesho, soda moja na mandazi mawili. Usiku saa mbili, bukari. Na kweli bukari ule ulikuwa mlima, na pembeni ndakala (dagaa wakavu) na mchuzi.

Tulijumlisha pamoja: kama kalori 1,900. Kwa mtu wa umbo lake anayeshinda amekaa juu ya pikipiki, hicho ni kiasi cha kumweka pale pale alipo. Hakuwa mwongo. Alikuwa anakumbuka mlo mmoja, ule wa usiku, kwa sababu ndio uliomshinda kumaliza.

Shida ya bukari ni maji. Unga mkavu wa mahindi una kama kalori 360 kwa gramu 100, lakini ukishasongwa, gramu 100 za bukari zinabaki na 110 au 120 tu. Tumbo linajaa kabla mwili haujapata kitu. Na unga ukipanda bei Kasumbalesa, mpakani na Zambia, watu wanachanganya na wa muhogo, wenye protini chache sana kuliko mahindi. Mlima unabaki mlima, ila ndani yake pamepungua.

Kwa hiyo usiongeze bukari. Ongeza kinachoingia ndani yake na pembeni yake. Gramu moja ya mafuta ina kalori 9, ya wanga au protini ina 4. Kijiko kimoja kikubwa cha mafuta ya mawese au ya karanga ni kama kalori 120, na sombe (mboga ya majani ya muhogo) inakimeza bila mtu kuhisi amekula zaidi. Sombe ya mwisho wa mwezi, ile inayopikwa kwa maji na chumvi, ni mboga nzuri lakini kilo hailetei. Twangia karanga ndani yake. (Na uipike mpaka iive kabisa, maana majani ya muhogo mabichi yana sumu inayoondoka kwa kutwangwa na kuchemshwa. Mawese nayo usiyaunguze mpaka yawe meupe; ile rangi nyekundu ndiyo vitamini A inayoondoka.)

Konzi moja ya karanga, kama gramu 30, ni kalori 170. Nusu ya avoka (parachichi) ya wastani ni kama 160. Yai ni 70 na kitu. Kijiko kikubwa cha karanga za kusaga ni karibu 95. Vinkubala, jamani, vinkubala, viwavi vyetu vya kukaushwa! Watu wanavidharau siku hizi kama chakula cha kijijini huku wakinunua unga wa kopo la kunenepesha. Zaidi ya nusu ya uzito wa kiwavi kilichokaushwa ni protini, na mafuta yake yamo. Vioshe, vichemshe, uvikaange na kitunguu na nyanya. Chikanda, ile ya mizizi ya porini iliyopondwa, pia si mbaya, ila nguvu yake kubwa inatoka kwenye karanga zilizotwangwa ndani, kwa hiyo anayekuuzia chikanda cha pilipili tupu amekupunja.

Karanga zenye ukungu au uchungu tupa. Usiziokoe kwa kukaanga; sumu ya ule ukungu inadumu kwenye moto na inaharibu ini.

Motari yule hatukumbadilishia mlo wa usiku hata kidogo. Asubuhi chai ilibadilishwa na uji wa mahindi na soya, vijiko viwili vya karanga za kusaga vikikorogewa ndani. Mchana mandazi yake yalibaki, lakini nusu ya avoka ikaingia katikati. Jioni, kabla ya kurudisha pikipiki kwa mwenyewe, ndizi mbivu na konzi ya karanga kutoka mfukoni. Ukijumlisha, ni kama kalori 600 zaidi kwa siku. Wengine watahitaji 300, wengine 500; ukipanda robo kilo hadi nusu kilo kwa poso, uko sawa. Kupanda haraka kuliko hapo mara nyingi ni mafuta ya tumboni au maji.

Vijiko vitano tu, umeshiba

Angalia kwanza unachokunywa. Ukimaliza chupa ya maji au soda kabla ya kugusa chakula, nafasi imekwisha. Kunywa baada. Sigara inaua hamu, lutuku (pombe kali ya kienyeji) inaiua zaidi, na chai kali ya kila saa nayo. Ambaye tumbo lake dogo limezoea mlo mmoja, asijilazimishe sahani mbili, agawe. Mara tano kidogo kidogo. Vya kunywa vyenye chakula ndani vinasaidia sana hapa: uji mzito, maziwa, munkoyo (kinywaji cha mahindi), maana vinashuka hata pale meno yamekataa.

Na hapo naongeza swali ambalo watu hawalitarajii: unalala? Mama mmoja wa Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, alishuka kilo 6 baada ya kufiwa na mume, na tulikuwa tumeshampima kila kitu. Chakula kilikuwepo, dada zake walikuwa wanapika. Alikuwa anakaa mbele ya sahani mpaka inapoa. Huzuni inayodumu, hofu, kuamka saa nane usiku kila siku, vinafunga koo kama mkono. Mtu wa hivyo hatibiwi kwa avoka. Atafutiwe wa kuzungumza naye, na asiachwe ale peke yake.

Kinaingia, lakini tumbo halikishiki

Kama kila ukinywa maziwa tumbo linanguruma, linajaa hewa na linakimbia, huenda mwili wako hausagi sukari ya maziwa. Watu wazima wengi wako hivyo na si ugonjwa. Jaribu maziwa yaliyoganda au yogati. Sehemu ya sukari ile imeshaliwa na uchachu.

Kuharisha kunakokuja na kuondoka kwa wiki, hewa inayonuka kama yai bovu, mafuta yanayoelea chooni: peleka choo kikapimwe. Hapa kwetu kila maumivu ya tumbo ni "amibe" (ameba), na watu wanameza dawa zile zile mara tano kwa mwaka bila kupimwa hata mara moja. Minyoo nayo inasingiziwa mno. Ipo, na kidonge kimoja cha albendazole cha miligramu 400 kwa mtu mzima kinaondoa aina nyingi (mjamzito aulize kwanza), lakini mtu mzima kuwa kwenye 16 ya ile hesabu ya urefu kwa sababu ya minyoo peke yake mimi ni nadra kumwona. Ukishameza dawa na bado hupandi baada ya mwezi, usirudie. Tafuta kwingine.

Tumbo linalochoma ukiwa na njaa au mara tu baada ya kula, mpaka unaogopa chakula, linaweza kuwa kidonda. Kinatibika. Choo cheusi kama lami, au kutapika damu, ni kwenda hospitali siku hiyo hiyo.

Unakula kweli, na bado unashuka

Hapa hatuzungumzii tena mapishi. Ukipoteza asilimia 5 ya uzito wako ndani ya miezi 6 hadi 12 bila kutaka (kwa mtu wa kilo 60 ni kilo 3), nenda ukapimwe kabla ya kununua chochote cha kunenepesha.

Kikohozi cha wiki mbili au zaidi, jasho la usiku linalolowesha shuka, homa ndogo za jioni: hicho ni kifua kikuu mpaka makohozi yaseme vinginevyo. Katika mji wa watu wanaochimba na kupumua vumbi, wengi wanasema "ni vumbi tu la mgodi". Vumbi na kifua kikuu vinakaa nyumba moja. Aliyevuta vumbi la mawe miaka mingi anashikwa na kifua kikuu kwa urahisi zaidi. Dawa zake hutolewa bure, miezi sita, na kilo huanza kurudi mapema hata kabla hujazimaliza, jambo linalowadanganya wengine waache katikati. Usiache.

Virusi vya Ukimwi, vivyo hivyo: kipimo kinachukua dakika chache, na dawa zipo.

Kiu isiyokatika, kukojoa usiku mara nne, sisimizi kuzunguka mahali ulipokojoa, na unakula kuliko mwanzo: pima sukari. Usingoje Jumatatu, hasa kama ni kijana anayeanza kutapika na kupumua kwa nguvu.

Moyo unadunda ukiwa umekaa, mikono inatetemeka, joto hulivumilii wakati wengine wamejifunika, shingo imevimba mbele: huenda ni tezi ya shingoni inayochoma chakula chote. Hii inakosewa sana kwa kuitwa wasiwasi.

Neno moja kwa wanaouguza mtu aliyekonda kupita kiasi, chini ya 16 kwa ile hesabu ya urefu, au aliyekaa siku nyingi bila kula. Usimshindilie. Mwili uliokaa na njaa ukijazwa ghafla, chumvi za damu zinavurugika na moyo unaweza kusimama. Mpelekeni kituo cha afya. Kulishwa kwake kunaanza kidogo kidogo chini ya macho ya mtu. Na mkiona kilo zinapanda huku miguu imevimba, bonyezeni juu ya kifundo kwa kidole gumba. Shimo likibaki, hayo ni maji, hajanenepa.

Uso umejaa, mikono bado ni fimbo

Binti aliniingilia mlangoni akicheka, ana mashavu ya mtoto wa miezi sita. Kilo 7 ndani ya miezi miwili. Wenzake walikuwa wanataka kujua siri. Nilipomfunga kitambaa cha kupimia presha, mkono wake ulikuwa mwembamba kuliko zamani, ngozi ya tumbo ina michirizi ya zambarau, na presha ilikuwa juu kwa mtu wa miaka 23. Akafungua mkoba akanionyesha kifuko cha nailoni kisicho na jina, vidonge viwili vya aina mbili: deksa na siproheptadine. Aliuziwa kama "vitamini za kilo".

Deksa, yaani deksamethasone, ni dawa nzuri mahali pake. Inaokoa watu wenye Covid kali, inakomaza mapafu ya mtoto anayetaka kuzaliwa kabla ya wakati. Lakini ukiila kila siku ili unenepe, inashikilia maji, inahamisha mafuta kwenye uso, mgongo na tumbo, na wakati huo huo inakula nyama za mikono na mapaja. Inapandisha sukari na presha, inadhoofisha mifupa, inaamsha kifua kikuu kilicholala. Ile nyingine, siproheptadine, ni dawa ya mzio. Hamu inaongezeka kweli, na usingizi pia. Motari anayeimeza asubuhi anawabeba watu huku nusu amelala. Ukiacha, hamu inashuka na kilo zinarudi zilikotoka.

Kama umekuwa ukimeza deksa kwa wiki kadhaa, usiitupe leo kwa hasira. Mwili umeacha kutengeneza homoni yake yenyewe, na kuikata ghafla kunaweza kukuangusha chini: udhaifu, kutapika, presha kushuka mpaka kuzimia. Nenda kwa daktari na kifuko chako, akupunguzie kwa ngazi. Binti yule ilichukua miezi. Mashavu yaliondoka, akalia, tukaanza upya na uji.

Chupa za majani zisizo na lebo ziko kwenye kundi hili hili. Dawa inayokunenepesha uso ndani ya siku kumi, hata kama inanuka mizizi, usidhani ni mizizi tu.

Tumbo limetoka, kwingine hakuna kitu

Hizo ni soda, bia na mandazi. Kilo zimepanda, ila zimeenda pasipo kazi. Mwili hujenga nyama pale unapoombwa nguvu na kupewa protini: maharage, mayai, ndakala, vinkubala, soya. Huhitaji ukumbi wa mazoezi. Bidoni mbili za lita 5 zenye maji ni uzito tosha wa kuanzia: zinyanyue, chuchumaa nazo, piga na pushapu, siku tatu kwa poso, na ukizizoea ongeza mpaka lita 10. Anayebeba magunia kutwa, yeye hana haja ya hili. Ana haja ya mlo wa mchana.

Zilipanda, sasa zimesimama

Kilo zikisimama poso tatu mfululizo, usiogope. Mwili mkubwa unakula zaidi, kile kilichokuongezea kilo mbili za kwanza sasa kinakuweka tu. Rudi kwenye karatasi ya siku tatu kabla ya kuongeza chochote, kwa sababu mara nyingi kuna kitu kimedondoka njiani.

Kwa motari ilikuwa hivyo. Alifika kilo 54 akasimama, akaja amekunja uso. Karatasi ilionyesha: msimu wa avoka ulikuwa umekwisha, na yeye alikuwa ameiondoa bila kuweka kitu mahali pake. Tukaweka yai. Poso nne baadaye, mizani ikasoma 55, viatu vikiwa mlangoni na simu mkononi mwangu, kisha akaniomba nimwandikie namba hiyo kwenye karatasi ile ile yenye mafuta, ili mama yake aamini.